Dengu ya Mbinguni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata silaha! Mwalimu Sitara, mteja wangu anayefundisha fizikia, kaniambia iko galaksi yenye umbo la dengu. Sahani ya nyota, katikati imetuna, haina mikono. Iko mbali mno, ndani ya kundi la galaksi. Nikamuuliza mwenyekiti wa kundi ni nani. Akacheka. Nimeelewa: ni yenyewe! Na mimi nauza dengu. Jumamosi kikundi chetu cha wauza nafaka kinachagua mwenyekiti. Elisaria muuza mchele, kwisha habari yake.

Jumatano, 6 Agosti
Bango lenye jina langu limepanda juu ya meza yangu. “DENGU INATAWALA MBINGUNI. FIKIRINI ATAWALE KARIAKOO.” Watu wanapiga picha. Elisaria kanuna. Safi!

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Mwalimu Sitara kapita, kasoma bango kwa sauti, kasema si kweli. Galaksi ile haitawali chochote. Iko pembeni, wakubwa wake wanaivuta. Tena imezeeka, imeishiwa gesi, haizai nyota mpya. Elisaria akasema kumbe ni kama jikoni kwangu. Watu wakaangua kicheko. Hata mke wangu Anifa!

Jumamosi, 9 Agosti
Ushindi! Mkutano ulikuwa Mnazi Mmoja. Elisaria akaanza kwa kutaka meza ya Bi Mgeni, mzee kuliko sote kikundini, apewe mwingine, maana bibi miguu inamuuma, siku hizi haji sokoni. Ikafika zamu yangu. Mimi nilitaka kuitetea dengu tu, heshima yangu irudi. Nikafoka: “Imezeeka, sawa! Imeishiwa, sawa! Iko pembeni! Lakini kundi limeitupa? Uzito wa wenzake ndio unaoishika!”

Bi Mgeni, aliyeletwa kwa bajaji, akaanza kulia. Akasema hakujua kama namjali hivyo. Sikumkatalia. Vigelegele! Meza imebaki yake. Mwenyekiti ni mimi! Elisaria mwenyewe kanipa mkono, macho mekundu.

Jumapili, 10 Agosti
Mwenyekiti hapumziki. Sitara anasema mbinguni kuna mashimo meusi, kinachoingia hakitoki. Nitashonesha mikoba, niiite Shimo Jeusi. Anifa kauliza nani atanunua mkoba unaomeza mali yake. Masikini, hajui biashara. Kesho asubuhi naenda kwa fundi.