Homa Iliyokataa Kuwa Malaria

Jumatatu, 12 Mei

Homa! Na wiki yenyewe ndiyo hii! Ijumaa Hussein, mwenye malori ya saruji, anakuja hapa Malaba kuchagua wakala wa kumpitishia mizigo mpakani. Ni mimi au Willis wa ofisi ya jirani, yule anayenichekea kwa meno tu. Macho yananiuma kwa nyuma. Viungo navyo havisemeki. Nimekwenda kliniki nikamwambia daktari, Alupo, kwamba nina malaria na nataka dawa. Akasema lazima nipimwe kwanza. Nikapimwa. Eti sina! Mimi Okwakol, mzaliwa wa Moding, niliyeugua malaria kabla sijaota meno! Nikamwambia kipimo chake kimeoza, nikaondoka.

Jumanne, 13 Mei

Nimevuka upande wa Uganda. Kitu kikikosekana kwetu, ng'ambo hakikosekani: sukari, mahindi, na malaria pia, nilidhani. Mpimaji akaniita ssebo, yaani bwana, akanitoboa kidole, akasema sina. Nchi mbili! Nikamuuliza kama amepigiwa simu na Willis. Wilkista, mke wangu, anasema nirudi kwa Alupo. Nimemwambia asinipande kichwani. Nimenunua dawa ya malaria dukani hata hivyo, na nikachomwa sindano ya diklofenaki ya maumivu. Ijumaa lazima nisimame.

Jumatano, 14 Mei

Vipele vyekundu mwili mzima. Ufizi unatoa damu. Nimelaumu mswaki. Wilkista hakulaumu mswaki. Amenipakia kwenye bodaboda akanishikilia kama gunia mpaka kwa Alupo.

Alupo akauliza wiki iliyopita nililala wapi. Mombasa, nikifuatilia kontena. Akauliza habari za mbu. Nikafoka kwamba nililala ndani ya neti, mimi si mjinga. Akasema mbu huyu huuma mchana. Mchana, watu wakiwa kazini! Amepima damu tena: dengue. Alipogundua ile sindano alifumba macho. Akasema dawa za namna ile huzidisha kutokwa na damu, na mimi chembe za kugandisha damu tayari zimeshuka. Panadol tu, maji mengi, na nilazwe. Nikauliza dawa ya dengue yenyewe iko wapi. Hakuna! Magonjwa yote yenye dawa yamejaa nchi hii, mimi nikapewa huu!

Alhamisi, 15 Mei

Homa imeshuka. Nimepona! Alupo anasema hapana, mzee, hatari huja homa ikishashuka: tumbo kuuma, kutapika, damu. Ananitisha tu. Nina hakika ni binamu wa Willis. Nimemtuma mtu aniletee koti.

Ijumaa, 16 Mei

Nilimwambia Wilkista naenda msalani. Nikatokea geti la nyuma, mpira wa dripu nimeuficha ndani ya mkono wa koti. Nikamkuta Hussein kwenye yadi ya malori, Willis ubavuni mwake kama kupe. Nikaanza kueleza ujuzi wangu. Pua ikafunguka. Damu yote kwenye kanzu ya Hussein! Nyeupe! Nikaanguka. Hussein akanibeba mwenyewe. Willis akanishika kichwa, tena kwa upole, shetani yule.

Jumatatu, 19 Mei

Damu imekoma. Wilkista amelia, kisha amenigombeza, kisha amelia tena. Aliuliza angewaambia nini watoto kama ningekufa. Hussein amekuja kuniona na uji. Malori amempa Willis. Nikipona kabisa, akasema, tutagawana nusu kwa nusu. Nusu! Na Willis!

Jumanne, 17 Juni

Leo Hussein anakuja kuthibitisha kama nimepona, anipe nusu yangu. Na leo, leo hii, homa! Natetemeka kwa baridi, kisha jasho linalowesha shuka, kisha baridi tena. Wilkista amempigia Alupo, naye anataka nikapimwe malaria mara moja. Nimeinyakua simu. Nimemweleza kwamba aliyeugua dengue hafundishwi kuitambua. Hii ni dengue, naijua sauti yake! Sitapimwa, sitameza dawa yoyote ila panadol na maji. Jagi la tatu hili. Meno yanagongana mpaka mwandiko umepinda. Namsikia Hussein akibisha mlangoni, na Wilkista anamweleza kila kitu.

Malaria! Katika mji huu, nani bado anaugua malaria?