Mashine Yangu ya Damu na Mwanga

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimeacha kutengeneza redio. Mtu hawezi kubaki fundi redio wa mtaa wa Tena milele. Nimesoma katika jarida moja kuukuu: Ulaya wanamulika mwanga kwenye utando mwembamba wa dhahabu, damu inapitishwa juu yake, na alama ya saratani ikinata, mwanga unabadilika. Kumbe ni hivyo tu! Tochi ninayo. Dhahabu: hereni ya mke wangu, Nangila. Hajaulizwa.

Jumanne, 5 Machi
Dhahabu lazima ipakwe protini inayonasa alama ya saratani peke yake. Sina. Nimepaka ute wa yai. Protini ni protini.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio la kwanza: damu ya mbuzi, buchari ya Mugo, Soko la Burma. Mwanga ukafifia. Nikawatangazia wateja kwamba mbuzi alikuwa na saratani. Mugo akanitoa nje kwa kola. Wivu mtupu.
Hata hivyo, nimepunguza ute. Sasa kila damu inaonekana safi, hata yangu. Maendeleo.

Ijumaa, 8 Machi
Mgonjwa wa kwanza. Waithera, jirani yetu muuza sukuma wiki. Akaninong'oneza kwamba ana uvimbe kwenye titi tangu Krismasi. Hajamwambia mtu, hospitali anaiogopa. Nikamdunga kidole, nikamulika. Safi kabisa. Akalia kwa furaha. Nami nusura nilie.
Nangila alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Hereni pia ameiona. Akamwambia Waithera avae viatu, wanakwenda hospitali.

Alhamisi, 21 Machi
Majibu yametoka. Ni saratani. Daktari amesema imegunduliwa mapema, atapasuliwa. Nangila akaniambia taratibu, bila hasira, "Patrobas, angekuamini wewe, tungemzika."
Nimeshinda kibandani kwangu bila kugusa kitu. Nadhani kosa lilikuwa la betri.

Jumamosi, 6 Aprili
Waithera amerudi. Amekonda, lakini anacheka. Amesema mbele ya watu kwamba bila kile kimashine asingemfungulia mtu yeyote mdomo. Mmesikia? Nangila amenikataza kumdunga binadamu tena. Mugo naye anapita akilia kama mbuzi. Alie tu. Mwanamke alificha uvimbe tangu Krismasi, akaufichua kwangu. Kwa hiyo mashine inafanya kazi.
Saratani nimeshaimaliza. Jumatatu naanza na ini.