Nyuma ya Lango Kuna Nini?

Jumatatu, 4 Agosti

Wewe unayesoma haya, nakusihi, funga mdomo. Usimwambie mkuu wangu wa kazi. Usimwambie shangazi yangu. Zaidi ya wote usimwambie Fundi Bomba, atanicheka mpaka mbavu zimuume. Mimi ni karani mdogo katika ofisi ya kusajili magari. Nina diploma. Naogopa mbwa, ngazi zisizo na pa kushika, na simu ya mkuu ikiita mara moja kisha ikanyamaza. Haya yakijulikana, kwisha habari yangu.

Habari yenyewe: tukitoka kazini tunakutana stoo ya duka la dawa la Shangazi, katikati ya maboksi ya dawa ya kikohozi, kucheza mchezo wa mezani wa kusimulia. Shangazi ndiye Msimulizi. Anatunga nchi, majitu na hali ya hewa. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu, dadu inaamua kama umefaulu au umeumbuka. Fundi Bomba ni jitu lenye shoka. Mama Pacha, mshonaji wa mtaani kwetu, ni mwizi mwenye paka anayesema. Mimi ni Mnajimu. Mnajimu haogopi chochote.

Mwaka mzima Mnajimu yuko safarini kwenda Lango la Kaskazini. Aliliona kwa darubini, mara moja tu. Lango la shaba, limesimama peke yake jangwani, halina ukuta kushoto wala kulia. Wasafiri wanasema ukitega sikio unasikia kitu kinapumua. Kitu gani? Kinapumulia wapi, na nyuma ni mchanga mtupu? Nikipiga mihuri nawaza lango. Nikipiga mswaki nawaza lango.

Leo Shangazi katangaza mabadiliko. Kaskazini yote itafunikwa na maji. Bahari mpya! Kasema amechoka kusimulia mchanga. Fundi Bomba akapiga meza: ndiyo hivyo, Shangazi, lete maji! Bila shaka. Mtu wa mabomba.

Lango langu chini ya bahari, na sijajua kilicho nyuma yake!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza mpango. Mezani kwetu kuna utaratibu. Badiliko lolote, la nchi au la kanuni, linajadiliwa, kisha linapigiwa kura. Aliyeleta kanuni mpya ndiye anayeijaribu kwanza, mhusika wake akifa shauri yake. Na kanuni ikishapita haifutwi mpaka wote wakubali. Utaratibu huu tuliuweka kwa sababu ya Fundi Bomba, lakini tuyaache hayo.

Hatua ya kwanza: kumvuta Mama Pacha upande wangu. Nilipita kwake mchana. Nikamwambia, kama utani, kwamba paka hawapendi maji. Akanitazama juu ya miwani. Akasema paka wake anajua lugha tatu, kuogelea ndiko kutamshinda? Kisha akauliza kama nimefuata suruali au nimekuja kumpotezea muda. Nikasema suruali.

Haikuwa tayari.

Jumatano, 6 Agosti

Mjadala. Nilisimama. Nikauliza kwa heshima hayo maji yatatoka wapi, maana jangwani hakuna hata kijito. Shangazi akatabasamu. Akasema swali zuri hilo, mwanangu, ungojee jibu. Hapo Fundi Bomba akadakia kwamba Karani anataka bahari ije na stakabadhi! Mama Pacha akacheka hadi akapaliwa na chai.

Nikaketi. Shangazi kaahirisha kura hadi Ijumaa.

Nimechunguza ramani yangu. Kama bahari itaishia mlimani, lango litakuwa chini sana. Je, Mnajimu anaweza kupumua ndani ya maji? Hakuna kanuni. Nimeangalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo! Limekuja lenyewe, kazini!

Bwana mmoja alifika dirishani anataka kadi ya gari. Gari hakuja nalo. Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote: gari ambalo mkaguzi wetu hajaliona, kwetu halipo. Akasema lipo nyumbani kwake, jekundu, mke wake amelikalia ndani sasa hivi. Nikasema halipo. Akauliza basi mke wake amekalia nini. Nikasema hilo si la dirisha hili.

Nikashtuka. Hiyo hapo, kanuni yangu! "Kitu ambacho hakijaonwa na mhusika yeyote, hakipo." Bahari nani ameiona? Hakuna. Basi haipo, na haiwezi kuja! Nikaiandika palepale kwa kompyuta ya ofisi, herufi nene. Ghafla harufu ya manukato ya mkuu mgongoni. Akaisoma taratibu, akasema nimefanya vizuri, niibandike dirishani.

Nimeibandika. Watu wawili wameshaisoma wakaenda zao kimya.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi!

Nilisoma kanuni yangu kwa sauti. Mama Pacha akauliza: walinzi wanaomfukuza kwa nyuma, asipogeuka? Nikasema hawapo. Mkono wake ukawa juu kabla sijafunga mdomo. Fundi Bomba akauliza mshale unaokuja gizani. Nikasema haupo. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba kiti kinaweza kuongea. Akasema kumbe Karani una akili, ulikuwa umeificha wapi? Naye akanyoosha mkono.

Shangazi tu ndiye hakufurahi. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema hakika kabisa, Shangazi! Akafuta bahari kwenye ramani kwa kifutio. Niliyapuliza mabaki mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Kujaribu kanuni, mimi kwanza. Shangazi akanipeleka moja kwa moja langoni. Shaba baridi, ndefu kuliko minara miwili. Mnajimu akatega sikio. Kimya. Nikadhani kimelala. Fundi Bomba akaacha kutafuna. Hata Mama Pacha akaweka kikombe chini. Nikarusha dadu ya pande ishirini.

Ishirini! Sijawahi kupata ishirini maishani!

Lango likafunguka. Shangazi akachukua karatasi za mambo ya nyuma ya lango. Nyingi! Zina michoro! Niliona kitu kama mkia, au mto, au njia. Akazipanga, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akatangaza kwamba nyuma ya lango hakuna kitu.

Nikadhani anatania. Akauliza nani aliwahi kukiona. Nikapiga kelele kwamba Mnajimu anatazama sasa hivi! Akajibu, kwa upole uliokata maini, kwamba Mnajimu anatazama mahali ambapo hakujawa na kitu cha kutazama. "Kanuni yako, mwanangu."

Kisha akanikumbusha swali langu: maji yangetoka wapi? Yangetoka humo humo. Jana lango lingepasuka, bahari ingemwagika na kila kilichokuwa kinapumua ndani yake, na sote tungekiona kwa macho yetu.

Jana!

Fundi Bomba akashika kichwa. Nilingoja matusi. Akasema mwaka mzima na yeye anataka kujua, ila aliona haya kuniuliza. "Sasa tutajuaje, Karani? Eh? Tutajuaje?" Sauti yake ilikuwa kama yangu.

Nikaomba kanuni ifutwe. Fundi akakubali. Mama Pacha akakataa katakata. Wakati sisi tunalia, yeye alikuwa ndani ya hazina ya mfalme, anatoka kinyumenyume na magunia, amewapa walinzi mgongo. Akasema tangu azaliwe hajaona kanuni tamu namna hii. Paka naye akakataa, kwa lugha zote tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata suluhisho!

Kanuni yangu inasema "mhusika yeyote". Haisemi wa zamani au mgeni. Akija mchezaji mpya, na mhusika wake akawa ametokea upande wa pili wa lango, basi ameshaona! Shangazi hana budi kumwambia ameona nini. Nimeigeuza kila upande, haina kasoro. Safari hii sijaacha hata tundu la sindano.

Kwa hiyo, wewe. Ndiyo, wewe unayesoma. Daftari hili naliacha kesho kwenye benchi ya wateja, kwa makusudi. Ukimaliza, njoo dirishani kwangu. Mimi ni yule kijana aliyefunga kifungo cha shingoni. Usitaje mchezo, mkuu ana masikio. Sema unaulizia pikipiki ya babu yako. Nikikuuliza iko wapi, jibu kaskazini. Nitakuelekeza stoo, uje jioni, ugonge mlango wa nyuma. Kama kuna mbwa, mfukuze kwanza.

Shangazi akishakunong'oneza ulichokiona, usishangae mbele za watu. Nikanyage mguu chini ya meza, tutoke nje, uniambie mimi kwanza. Fundi nitamwambia mwenyewe.

Kama ni cha kutisha, niambie polepole. Lakini niambie.