Waliotapika Kabla ya Kunywa Dawa

Jumanne, 9 Septemba
Nimejiponza. Dokta Sophia kauliza nani atatoa majedwali ya jaribio la dawa ya homa kabla ya wageni wanaokuja Ijumaa kukagua jaribio. Abubakary, anayejua kuandika programu, kaomba wiki mbili. Mimi nikaropoka: siku mbili! Ile programu mpya haitaki ujuzi. Data zimeshapangwa kwa viwango vya kimataifa. Unabonyeza, unaburuta, jedwali linatoka. Mkataba wangu unaisha Jumatatu. Nikiharibu, narudi Kariakoo kwa Mjomba Ansbert kupanga masufuria.

Jumatano, 10 Septemba
Jedwali limetoka. Zuri! Kisha nikalisoma. Wagonjwa arobaini na mmoja wametapika dawa masaa matano kabla ya kuinywa.

Saa za kunywa zimetoka kwenye kompyuta ya dirisha la dawa: 8:10, 8:25. Za kutapika nimeziingiza mwenyewe kutoka fomu alizojaza Sista Maimuna wa wodini kwa mkono: saa 3 asubuhi, saa 3 na nusu asubuhi. Nimefuta "asubuhi" tu, maana programu inataka namba. Sijakosea hata moja! Basi ni Abubakary, kanichezea data. Nimemkazia macho wakati wa chai. Kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Kumuuliza Sista ni kukiri. Nimegundua kitufe cha kuchuja. Nimebonyeza mara moja, wale arobaini na mmoja hawaonekani. Hakuna aliyetapika! Dokta kashangilia hadi mafundi wa gereji huko chini wameacha kugonga. Kasema basi hata watoto wataweza kupewa. Hilo limenichoma. Wagonjwa mia na ishirini wamebaki sabini na tisa. Wageni wasihesabu, Mungu wangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimewatangazia wageni kwamba programu hii anaiweza yeyote, hata asiyejua lolote. Mama mmoja mwenye miwani akaniamini. Kaketi, kabonyeza kitufe kile kile. Wakarudi wote arobaini na mmoja!

Sista Maimuna akacheka mpaka akafuta machozi. Akauliza, mwanangu Elimringi, tangu lini saa tatu asubuhi kwenye kompyuta ikaandikwa tatu? Ni tisa! Abubakary karekebisha kwa dakika kumi, tena bila kunisema. Inaudhi.

Dokta hakucheka. Kasema kosa la saa angelisamehe, lakini kuficha wagonjwa! Kaniagiza: kuanzia leo nikiona namba niisome kama ilivyo, nisiongeze wala nisipunguze.

Jumamosi, 13 Septemba
Ujumbe wa Dokta! Ananipa nafasi ya mwisho ya kujieleza: Jumatatu, 9:00, ofisini. Nikichelewa hata dakika moja, nisije kabisa.

Namba nimeisoma kama ilivyo, kama alivyoagiza. Saa tisa. Afadhali! Asubuhi nitamsaidia Mjomba masufuria, nile mchana taratibu, na saa nane na nusu nipo mlangoni. Safari hii nitawahi.