Pumu Yangu Irudishwe Daraja la Nne

Kwa Daktari Tak Jun-seop,
Zahanati ya Mtaa, Andong.

Mpendwa Daktari,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa ni mimi niliyekufundisha kusoma, kulalamikia kushushwa kwa pumu yangu kutoka daraja la nne hadi la pili bila kushauriwa.

1. Ulisema, "Mwalimu, kifua kimetulia, tupunguze dawa." Kimetulia kwa sababu ya dawa. Ulipofaulu hesabu, mimi sikukunyang'anya daftari.

2. Katika nyumba ya mtaa ambamo sisi wazee hushinda mchana, sehemu ya sakafu iliyo juu ya bomba la maji ya moto, penye joto kuliko kwingine, hukaliwa na aliye mgonjwa kuliko wote. Mapafu hayaonekani, kwa hiyo tunahesabu dawa. Nilipokuwa na vikopo viwili vya dawa ya kuvuta na vidonge, hakuna aliyeweza kunisogeza hapo. Juzi nilitoa kikopo kimoja. Pyo Gap-sun, jirani yangu kwa miaka arobaini sasa, akaweka mezani mfuko wa dawa uliotuna, akasema, "Dada, wazima wanakaa mlangoni. Utusaidie kupanga viatu." Wakacheka wote. Nikakaa mlangoni.

3. Kipimo cha kupuliza si halali. Nesi wako alinishangilia kama mcheza mieleka, nikajisahau, nikapuliza pumzi yote. Pumzi iliyotolewa kwa uchochezi ifutwe.

4. Naungama, maana daktari wa moyo amenishauri nisinunue kalenda mpya: kwa miaka miwili nimekuwa nikikupulizia nusu ya pumzi. Huo ni ushahidi wa bidii, si wa udanganyifu.

5. Hivyo nipandishwe hadi la tano. Ikishindikana, Gap-sun ashushwe. Hilo nalo likishindikana, serikali impige kila mgonjwa chapa ya daraja lake kwenye paji la uso, tusigombane.

Nisalimie mama yako, nesi mchochezi, na wote wanaokohoa kihalali kwenye foleni yako.

Mwalimu wako mwenye kifua kibovu,
Ok Bun-rye, miaka 88.

N.B. Gap-sun amenipitia sasa hivi na kimchi, achari kali ya figili. Alianza kunitania, pumzi ikamkatika katikati, akashika ukuta, kifua kikipiga filimbi. Nilifungua mfuko wake nimpe dawa: vikopo vyote ni vyangu vya zamani, vitupu, alivyookota kwenye taka zangu. Amekiri hajawahi kupimwa. Anaogopa mwanawe akijua atampeleka kwenye makao ya wagonjwa. Nimempa kikopo changu, amepata nafuu kidogo. Mimi dawa uliyonipa inanitosha. Ninalala hadi asubuhi. Daraja la nne ni lake. Barua hii naileta mwenyewe kwa teksi. Turudi pamoja kwake, mkoba wako mkononi, na umwambie Gap-sun umekuja kunitazama mimi.