Taa za Ukumbini Zinanionea

Jumatatu, 4 Machi

Nimekabidhiwa taa za mchezo wa kuigiza! Mwaka jana nilikuwa mti. Mti wa tatu, nyuma ya miti mingine. Leo nina meza yangu mwisho wa ukumbi, na juu yake kisanduku chenye antena. Nikisogeza kitufe, kisanduku kinarusha mawimbi, dima za jukwaani, vile vifaa vya kupunguza mwanga, zinayapokea, taa zinafifia. Hakuna waya hata mmoja katikati. Maajabu!

Kiti nimekiacha. Nimeamua kusimama mbele ya meza, mkono mmoja nyuma kwenye kitufe. Mwalimu mkuu akiingia lazima anione.

Jioni, mazoezi. Malkia alipaswa kufa taa zikififia polepole. Zikagoma. Zikazimika zote, zikawaka zote. Malkia akafa mara mbili. Mwalimu wa maigizo akauliza kama nimesinzia. Nikamjibu kwamba ni mawimbi. Akasema wazazi wanakuja Jumamosi. Taa zikicheza hivi mbele yao, meza ataichukua Kamba, nami nitarudi msituni.

Kamba ndiye msichana anayevuta mapazia. Alicheka hadi pazia likatikisika.

Jumanne, 5 Machi

Nimempata mchawi: simu! Nazo hurusha mawimbi. Nikapita na ndoo, nikakusanya simu za waigizaji wote, hata ya Mwalimu, aliyeitoa shingo upande. Zisije zikaibwa, nikaiweka ndoo mezani, ubavuni mwa kisanduku.

Taa zikazidi kuyumba. Kisha malkia akiwa anakata roho, ndoo ikaanza kuimba. Alikuwa mume wa Mwalimu, anauliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Ndoo imerudishwa kwa wafagiaji.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi umeme wa shule amekuja. Akaketi kwenye kiti changu nusu saa nzima, akipandisha, akishusha. Taa zikamtii kama watoto wa chekechea. Akasema hazina ugonjwa wowote, akaenda zake. Nikasimama mahali pangu. Zikayumba!

Sasa nimeelewa. Taa hizi zinaheshimu watu wazima tu. Jumamosi nitavaa koti la baba.

Halafu Kamba akanijia na sauti ya asali, eti nisogee pembeni kidogo, mwenzangu, huenda ninaziba. Ninaziba nini? Leo pembeni, kesho mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako! Sikusogea. Nikapanua mabega.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulifurika. Mama na mama mdogo walikaa safu ya pili. Nilisimama ndani ya koti la baba, mikono ya koti ikinifika magotini. Taa zikayumba kama mlevi. Mama mdogo akageuka kunipungia. Nikampungia, na jukwaa lote likazimika.

Mwalimu akaja akinyata. Akaninong'oneza nikimbie kumwita fundi, akamwita Kamba ashike kitufe. Kamba akaketi kitini. Nilipofika mlangoni nikageuka. Taa zilikuwa zinafifia taratibu, laini kabisa, na malkia akafa vizuri hata mama mdogo akatoa leso. Nami nililia, ila si kwa ajili ya malkia.

Nikarudi na fundi, nikasimama mbele ya meza ili nimweleze. Zikayumba. Fundi akanishika mabega ya koti, akanikalisha sakafuni kama gunia. Zikatulia. Akanisimamisha. Zikayumba. Akanikalisha tena. Akasema loo, binti, shida ni wewe! Eti mwili wa mtu umejaa maji, na mawimbi haya hayapiti vizuri kwenye maji. Antena iinuliwe juu, na asisimame mtu mbele yake. Basi.

Mwalimu ana moyo laini. Amesema onyesho la pili ni Jumatano, nitapewa nafasi moja tu, ya mwisho.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka na furaha tele. Shida si mimi. Ni maji yaliyomo ndani yangu! Fundi amelitaja jambo lenyewe, kisha akalipita kama hakuliona.

Tangu asubuhi sijanywa tone. Chai nimeikataa. Uji nimeukataa. Mama ameuliza mara tatu kama ninaumwa. Adhuhuri Kamba akapita nyumbani, eti kunitakia heri, na mkononi ana chupa ya maji baridi. Njama mchana kweupe! Nikamshukuru kwa adabu, nikayamwagilia maua.

Nimemwandikia Mwalimu barua kwa mwandiko wangu bora. Ninaomba wazazi wote wasinywe chochote kuanzia Jumanne, hasa wa safu za nyuma, walio karibu nami. Kufikia Jumatano nitakuwa mkavu kama chaki. Nitasimama palepale, mbele ya antena, na mawimbi yatanipita kama upepo dirishani.