Vita vya Nusu ya Jiwe

Sogeeni, enyi mliofiwa, na enyi mtakaofiwa, maana wa kundi la tatu sijamwona bado. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, kwa kuwa nasimulia vita ambavyo malenga wamevikalia kimya, vita vilivyopiganwa katika Ofisi ya Makaburi, dirisha namba mbili, na mgane mmoja mwenye elimu ya darasa la nne na viatu vya kuazima. Mgane huyo ni mimi.

Mke wangu alikuwa na miezi saba amelala chini ya kijiti chenye namba. Mia nne na kumi na mbili. Mwanamke aliyelea watoto watano, aliyenitawala miaka thelathini na sita bila bunduki, leo anatambulika kama gunia ghalani! Nikala kiapo: atapata jiwe lenye jina lake, hata nikibaki na suruali moja. Nikabaki nayo hiyo moja. Nikaenda kwa fundi wa mawe, jemadari wa patasi, mwenye vumbi hadi kwenye kope, naye akachonga jina la mama watoto upande wa kushoto, na upande wa kulia akauacha mtupu.

"Na huku?" nikamuuliza.

"Huko kwako, kaka. Siku ikifika naongeza jina tu. Au hutaki kulala na mkeo?"

"Nataka. Ila sina haraka."

"Wateja wangu wote walisema hivyohivyo."

Tukalisukuma jiwe kwa mkokoteni hadi lango la makaburi, na hapo ndipo adui alipotokea. Alikuwa Mkaguzi, simba wa futi kamba, ambaye serikali imempa kofia ili tujue kichwa kiko wapi. Akalizunguka jiwe mara mbili, akahesabu pande zake kama ahesabuye mbuzi, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: *Marehemu wawili.* Jiwe likatekwa, likatupwa stoo kati ya majembe na ndoo za chokaa. Baada ya wiki ikanifikia barua: nilipie mazishi ya mtu wa pili, yaani kuchimba, kufukia, na huduma ya faraja kwa familia; na nisipolipa ndani ya mwezi, jiwe litavunjwa kokoto. Nikakaa kitandani, nikajipapasa kifua, nikatafuta hiyo faraja niliyotozwa. Sikuiona.

Basi, Jumatatu ile jua likiwa la utosi, nikasimama mbele ya dirisha namba mbili. Ndani aliketi karani, malkia wa mihuri, hakuinua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mazishi yangu."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Mimi."

Akapokea barua yangu, akafungua daftari kubwa kama mlango, akateremsha kidole. "Ndiyo, upo. Mia nne na kumi na mbili, mtu wa pili. Umeshazikwa, mzee."

"Alinizika nani?"

"Hapa hawaandiki nani."

"Basi mwite aliyenifukia aje aone kazi yake. Kama aliharakisha, tumsamehe."

Foleni ikacheka. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye kapu na ulimi, akanena kwa sauti kuu: "Baba, kama umekufa tupishe! Sisi tulio hai tuna njaa!"

"Kufuta mazishi," karani akasema, "lete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba u hai."

"Mwenyekiti yuko semina."

"Ya nini?"

"Ya kuwahudumia wananchi. Mwezi wa pili huu anaisomea."

Nikapelekwa kwa Mkuu wa Makaburi mwenyewe, shujaa wa feni tatu kwa jasho ambalo hajawahi kulitoa. Akanihutubia juu ya utaratibu. Akasema daftari halikosei, wanaokosea ni wananchi. Alisema sana, na mimi nikamwacha, maana marehemu mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mpiganaji wa madirisha nyumbani kwetu, alinifunza hivi: mwenye cheo mwache aongee mpaka ajifunge kamba mwenyewe.

"Hakuna anayezikwa hapa," Mkuu akanguruma, akipiga meza, "hakuna hata mmoja, bila kibali chenye saini yangu!"

Ndipo nikasimama, mimi mbwa mzee wa darasa la nne, nikanena: "Ahsante, mheshimiwa. Naomba basi nakala ya kibali changu."

Feni tatu zikasikika moja moja.

"Maana ni mawili," nikaendelea. "Ama mimi ni mzima, na jiwe langu litoke stoo. Ama mmenizika bila kibali, na hilo tutakwenda kumweleza mkubwa wako."

Mkuu akatazama daftari, akatazama suruali yangu moja, akakohoa, akamwita karani. Daftari halifutwi, ni mwiko. Kwa hiyo karani akaandika pembeni ya "mtu wa pili" neno moja, akaligongea muhuri hadi meza ikalia: *BADO.*

Hakuna aliyeniomba radhi. Mkaguzi alinifungulia stoo akiwa amenuna kama mfiwa.

Jioni hiyo fundi alilisimamisha jiwe, tukaking'oa kijiti chenye namba, nikakivunjia gotini. Nikasoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa kusoma kwangu kwa kubahatisha. Halafu nikaketi nyasini, upande wa kulia, upande wangu.

"Nimewaweza, mama watoto," nikamwambia. "Kama ulivyonifunza."

Na wajukuu wahadithiwe: katika utawala wa feni tatu, alikuwako mtu mmoja aliyezikwa na serikali na akafufuliwa na karani, akaenda kwa mkewe kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kidogo, akarudi nyumbani. Bado.